Sola ya dukani kwetu Matsangoni, na kinu cha nyuklia kilichopangwa jirani

Seti ya sola iliyofungwa katika duka letu la vinywaji baridi huko Matsangoni, Kilifi, ina paneli 4 za wati 550, inveta ya kilowati 5, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri uweze kutumiwa na vyombo vya dukani, na betri ya lithiamu ya kilowati-saa 5. Naipendekeza kwa mfanyabiashara mdogo yeyote wa Pwani, mradi asijaze paneli juu ya paa huku akibana fedha kwenye betri.

Wakati wa kaskazi, friji mbili na feni hufanya kazi kutwa bila kugusa stima ya gridi, na betri huzivusha friji hadi alfajiri. Shida huja masika, mawingu yanapotanda siku nzima: inveta hulirudisha duka kwenye gridi na tokeni huanza kuliwa kama zamani. Isitoshe, fundi wa muuzaji alifunga paneli kwa vishikizo vya chuma cha kawaida, ambavyo chumvi ya bahari ilivila upesi, nasi tukalazimika kugharimia vya alumini.

Kasoro hiyo ya masika ndiyo hoja yenye nguvu zaidi ya wanaotetea nyuklia, kwa kuwa kinu hakijali usiku wala mawingu. Hapa jirani, Uyombo, serikali ilipanga kinu cha megawati 1,000 kwa makadirio ya shilingi bilioni 500, ujenzi uanze 2027 na umeme upatikane 2034. Wakazi, wengi wao wavuvi, waliandamana mwaka 2024 kukipinga, na baadaye macho ya serikali yakageukia Siaya. Mimi kama mnunuzi nauliza bei, na hapo ndipo imani yangu inapopungua. Kinu cha Olkiluoto 3 nchini Ufini kilianza kujengwa 2005 kikitarajiwa kukamilika 2009, lakini kilianza kuuza umeme kibiashara 2023. Vinu viwili vipya vya Vogtle, Georgia, Marekani, vilivyokadiriwa kugharimu dola bilioni 14, vilipita bilioni 30, na wateja wa umeme wa huko wamebebeshwa sehemu kubwa ya mzigo huo. Nchi tajiri zinaweza kuhimili pigo kama hilo; bili zetu tayari zinatuumiza.

Upepo nao umetutia hasara, kwani mitambo ya Ziwa Turkana ilikuwa tayari 2017 ikasubiri nyaya za kusafirisha umeme hadi 2018, na Kenya ikalipa fidia. Hata hivyo, ucheleweshaji huo ulikuwa wa mwaka mmoja na ushee. Mvuke wa ardhini wa Olkaria umekuwa ukizalisha umeme usiku na mchana tangu 1981, na shamba la sola la Langobaya, Malindi, liliunganishwa na gridi 2021. Ningependa shilingi za umma ziende kwanza kwenye visima zaidi vya mvuke na betri kubwa za gridi, maana uzoefu wa duka letu unaonyesha kwamba betri huvusha usiku, nao mvuke haujali mawingu ya masika.

Anayetaka seti kama yetu adai dhamana ya betri kwa maandishi, na avikague vishikizo kabla fundi hajapanda paani.