Pampu ya petroli kwa gari la kabureta: tafuta ritani kabla ya nguvu

Januari, kaskazi imekolea, Corolla yangu KE70 ilinizimikia karibu na daraja la Sabaki nikirudi Malindi kutoka Mambrui. Ndani ya filta niliona mapovu tu. Nikaivika pampu kitambaa kilicholowa maji, nikangoja, gari likawaka. Pampu ilikuwa nzima. Petroli ndiyo iliyochemka ikawa mvuke, na pampu ya petroli haijui kusukuma mvuke.

Dukani niliuziwa pampu ya umeme "yenye nguvu zaidi", ya gari la injekisheni, linalonyunyiziwa petroli kwa presha bila kabureta. Pampu hizo husukuma psi 40 (kipimo cha presha) na kupita, wakati kabureta zetu za Kijapani, zinazochanganya petroli na hewa, zinataka kama psi 3. Sindano ya floti, inayofunga petroli kabureta ikijaa, ilishindwa kuzuia, petroli ikafurika na kudondokea manifoldi ya moto. Namshukuru Mungu boneti ilikuwa wazi, nikawahi kuzima.

Dawa ya joto ni ritani, yaani paipu inayorudisha tangini petroli ambayo kabureta haikuinywa. Bila hiyo, petroli hukaa ubavuni mwa injini ikipikika, hasa ukiwa kwenye foleni. Ikiwepo, petroli huzunguka, mvuke hurudi tangini, na ya baridi huja nyuma yake.

Ningenunua kwa mpango huu.

Ya kwanza ni pampu ya kawaida inayoendeshwa na kemshafti (shafti inayofungua valvu za injini), lakini ya midomo mitatu: wa kuvuta, wa kupeleka na ule mwembamba wa kurudisha. Haina waya wala rilei, na injini ikizima nayo inazima. Nenda dukani na pampu yako ya zamani mkononi, mlinganishe mkono wake na matundu ya bolti. Ipulize mdomo wa ritani: hewa ipite kwa shida kidogo. Ikipita bure, kabureta itakosa mafuta.

Ya pili ni filta ya midomo mitatu. Kama pampu yako bado nzima, hii ndiyo nafuu kuliko zote, na kwa watu wengi itatosha. Ifunge kati ya pampu na kabureta, mdomo wa ritani ukitazama juu ili mvuke upate pa kutokea.

Ya tatu, pampu ya umeme ya presha ndogo. Inafaa sana kama unakwenda safari ndefu za Garsen na Witu, kwa sababu inakaa nyuma karibu na tangi, mbali na joto, na pampu hizi zinajua kusukuma kuliko kuvuta. Ila usiifunge bila fyuzi, na waya wake upitie swichi ya presha ya oili, ili injini ikizima umeme wa pampu ukatike. Gari likipinduka, pampu inayoendelea kumwaga petroli ni moto unaongoja cheche.

Ya injekisheni iache. Hata ukiongeza regyuleta ya ritani, ya kupunguza presha, utakuwa umelipia nguvu ili uirudishe yote tangini.

Mipira ya kupitishia petroli nayo isikupite. Nunua ulioandikwa SAE 30R7, alama ya mpira wa petroli, kwani mpira wa maji huvimba na kupasuka. Paipu ya chuma inayopita chini ya gari huliwa upesi na chumvi ya pwani, kwa hiyo mimi nilitia paipu ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, upana wa ndani milimita 6.

Kabla ya kutoboa chochote, ingia chini ya gari. Huenda paipu ya ritani ipo tangu kiwandani, imezibwa tu. Kama haipo, usikubali ritani iungwe kwenye mpira wa kuvuta, maana petroli ileile ya moto itazunguka palepale. Irudi tangini. Na fundi akitaka kulichomelea tangi likiwa bado chini ya gari, ati limeshamwagwa petroli, chukua ufunguo wako uondoke: mvuke uliobaki ndani ndio unaolipuka.