Podo au msindano: upi wa kupanda wapi Nyanda za Juu Kusini

Anza na jani. Msindano aina ya patula, uliotoka Meksiko na kujaa shamba la miti la Sao Hill, una sindano laini zinazoning'inia, mara nyingi tatu kwa kifungu. Podo, mti wa asili wa misitu kama ya Rungwe, una majani bapa, magumu, mojamoja, yenye mshipa mmoja wa kati. Hauna koni ngumu (tunda la magamba) kama za msindano: mbegu hukaa juu ya kikonyo chenye nyama, na miti dume haizai.

Mbegu za podo ndizo huwaponza wengi. Zikikauka zinakufa, kwa hiyo usizianike kama za msindano. Okota zilizoanguka karibuni, ondoa nyama, panda wiki hiyohiyo, kina cha sentimita 2, chini ya kivuli. Kuota huchukua wiki nyingi, hata miezi. Usimwage viriba (mifuko ya miche) mapema. Msindano huota ndani ya wiki 3 hivi, ila bila kuchanganya udongo wa chini ya misindano mikubwa, miche hudumaa na kuwa ya njano.

Msindano unataka jua, mita 3 kwa 3. Podo mchanga hupenda kivuli chepesi, hivyo uupande ndani ya msitu uliochakaa au kando ya chanzo cha maji. Kwa mbao za miaka 20, msindano. Podo ni wa wajukuu, nasi tungeupa kona katika kila shamba.