Mizani ya kidijitali kwa vyama vya maziwa Nakuru: mashine nzuri, daftari gumu kufunga

Mizani hii ya kilo 100, yenye mashine ndogo ya risiti, inavifaa vyama vya maziwa vya Njoro na Molo. Inasoma hadi gramu 50, na hapo ndipo upinzani unapoanzia. Mizani ya mshale ilimwachia karani nafasi: kilo 7.4 zinaandikwa 7. Gramu 400 kila asubuhi kwa siku 30 ni kilo 12 za mkulima mmoja! Anayepoteza mwanya huo hatausema; atasema betri haikai.

Betri inakaa, ikichajiwa usiku. Kasoro halisi ni risiti: karatasi yake hufifia juani, kwa hiyo mkulima huiamini zaidi kadi yake ya zamani. Ana haki. Tumieni mashine na daftari la zamani pamoja kwa mwezi mmoja, mkilinganisha jumla kila Jumamosi mbele ya wakulima, kisha daftari lifungwe tarehe iliyotangazwa. Bila tarehe, karani hataendelea kuandika mara mbili. Anaacha mashine, maana foleni ni ndefu na maziwa hayangoji.

Na ndoo tupu ipimwe kwanza, kibonye cha sifuri kibonyezwe, ndipo maziwa yamiminwe.