Darubini ya Kwanza ya Kutazama Nyota: Ipi Ununue, Ipi Uache

Ukikuta boksi limeandikwa kwa herufi kubwa "hukuza mara 525", usinunue. Darubini ya lenzi ya milimita 60 ikivuka mara 120 hivi, picha inafifia na kupoteza makali. Cha kuulizia ni kipenyo cha lenzi au kioo kikuu, maana ndicho kinachokusanya mwanga. Kioo cha milimita 130 hukusanya karibu mara tano ya lenzi hiyo ya 60.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni darubini ya kioo ya milimita 130 ya kuweka mezani, yenye kitako cha Dobson (kitako kifupi kinachozungushwa na kuinuliwa kwa mkono), mfano Sky-Watcher Heritage 130P. Haina tripodi ya kuyumbayumba. Unaiweka juu ya meza au stuli imara, unaisukuma kwa mkono mpaka kwenye unachokitaka. Urefu wake wa fokasi (umbali kutoka kioo kikuu hadi picha inapokusanyika) ni milimita 650, na huja na lenzi mbili za jicho, yaani zile unazochungulia: ya milimita 25 na ya 10. Hesabu ya ukuzaji ni kugawanya tu: fokasi ya darubini kwa ile ya lenzi ya jicho. Ya 25 hukuza mara 26: hapo utafurahia Kilimia, nyota zilezile wakulima wetu walizozitumia kujua msimu. Ya 10 hukuza mara 65, na pete za Zohali zinaonekana.

Ukishaizoea, ongeza lenzi moja tu ya jicho: ya milimita 6 yenye uwanja wa nyuzi 66, yaani upana wa duara unaloliona ndani yake. Inakupa mara 108, na hapo mikanda ya mawingu ya Mshtarii inaonekana vizuri. Hakikisha shina lake ni la inchi 1.25. Yale masanduku yenye lenzi kumi sikushauri, nyingi hutazigusa. Kama huvui miwani, epuka pia lenzi za jicho za aina ya Plössl za milimita 10 kushuka chini, kwani jicho lazima likaribie mno kioo.

Pesa ikiwa kidogo, namba mbili ni darubini ya macho mawili ya 10x50, yaani hukuza mara 10 na lenzi zake ni za milimita 50. Miezi minne mikubwa ya Mshtarii utaiona, ukiegemeza viwiko ukutani. Namba tatu ni ya lenzi ya milimita 70 kwenye stendi ya kawaida; kwa Mwezi inafaa sana, ila usivute miguu ya tripodi hadi mwisho.

Ninayoiweka mkiani ni yoyote ya bei nafuu yenye stendi ya ikweta (ile yenye mhimili ulioinamishwa ili kufuata mzunguko wa anga), hata kama kioo chake ni kikubwa. Mhimili wa stendi hiyo huinuliwa kwa nyuzi sawa na latitudo ya mahali ulipo. Nairobi ni kama 1, Mombasa 4, Dar es Salaam karibu 7. Kwetu, basi, mhimili unakaribia kulala kabisa; stendi nyingi za namna hii hazishuki hadi hapo, na zikishuka, fimbo ya uzito hugonga miguu. Iache pia ile ya kioo cha milimita 127 na fokasi ya 1000 yenye bomba la nusu mita: kuna lenzi ya ziada imefichwa ndani, na kupanga vioo na lenzi hiyo vikae mstari mmoja ni kazi ngumu kwa mgeni.

Ukikuta kichujio cha jua cha kufunga kwenye lenzi ya jicho, kitupe. Joto hukipasua ghafla, na jicho halina mbadala.

Walioko pwani, zihifadhini lenzi kwenye kopo lisiloingiza hewa pamoja na vipakiti vya silika, maana unyevu huleta kuvu kwenye kioo.