Dirisha la dawa: nyota moja, na hiyo moja ni ya mlinzi

Naandika nikiwa bado na hasira, msomaji anivumilie. Hospitali yenyewe siitaji. Ipo hapahapa Mtwara mjini, na waliowahi kupanga foleni pale wataijua bila kuambiwa. Nyota moja nimetoa, nayo ni ya mlinzi wa getini, kijana wa watu ambaye kila akiniona hunitafutia kiti kivulini. Dirisha la dawa lisije likajisifu kwamba limepata kitu kwangu.

Mimi ni mtu wa presha miaka mingi. Amlodipini, atenololi na kile kidonge cha kukojosha, haidroklorothiazidi, nimeshazoeana navyo. Msimu wa korosho uliopita, wakati ambao sisi wauza vitenge hatuna hata nafasi ya kujikuna kwa wateja wanaoteremka kutoka Tandahimba na Newala na pesa mkononi, nikaanza kiu isiyoisha na kuamka usiku mara kwa mara. Nikasema ni kidonge cha kukojosha. Kumbe sukari. Asubuhi kabla sijatia kitu mdomoni kipimo kikasoma 13 na ushee. Daktari akanieleza kwamba mtu hajala, ikifika 7 kwenda juu, hicho tayari ni kisukari, na akanirudishia kipimo siku nyingine ili awe na uhakika. Akaniandikia metformini na glibenklamidi juu ya zile za presha. Daktari sina neno naye. Aliongea na mimi kama mtu mzima anavyoongea na mtu mzima mwenzake.

Taabu ilianza dirishani.

Nilipewa bahasha tano ndogo za karatasi. Moja imeandikwa kwa kalamu 1x2, nyingine 1x1, nyingine 1x1, basi. Jina la dawa hakuna. Nafungua, vyote vyeupe! Vikubwa vyeupe, vidogo vyeupe, vidogo zaidi vyeupe. Nikainamia kile kitundu cha kioo, nikauliza kwa adabu, "Mwanangu, ipi hapa ya sukari na ipi ya presha?" Macho yake yako kwenye simu. "Zimeandikwa, bibi." Zimeandikwa nini? Hesabu ya darasa la pili? Nyuma yangu watu wanasukumana, nikaondoka.

Sasa nikuulize wewe unayesoma: mtu anayemeza dawa aina tano kwa siku, akiamka usiku umeme umekatika, atajuaje kipi ni kipi?

Ya metformini nitaipita haraka maana ni aibu. Tumbo lilinivuruga vibaya, wiki nzima nilifunga duka mapema kwa sababu ya choo. Shoga yangu wa kibanda cha pili pale sokoni, yeye ana sukari tangu zamani, ndiye aliyeniambia, "Usimeze na tumbo tupu. Kula nusu ya chakula, meza, kisha malizia." Nikafanya, na baada ya siku chache tumbo likatulia. Maneno hayo machache yalimshinda mtu wa dirishani ambaye analipwa mshahara kwa kazi hiyo.

Halafu ikaja hii iliyonifanya nikae chini niandike.

Sukari ikiwa juu mkojo nao hushambuliwa, nilishaambiwa. Nikapata maumivu ya kukojoa, nikaenda siku isiyo ya kliniki, nikaonwa na daktari mwingine kwa harakaharaka. Akaandika Septrin, dawa ya kuua vijidudu. Nikaenda kwenye dirisha lilelile, kwa mtu yuleyule, aliyenipa glibenklamidi kwa mkono wake mwenyewe, na daftari langu la kliniki liko wazi mbele yake. Akachukua bahasha, akaandika 2x2, akaipitisha kwenye kitundu. Hakuuliza unatumia nini kingine. Hakufungua hata ukurasa wa nyuma.

Siku kama mbili baadaye nilikuwa nampimia mteja kitenge, doti mbili, feni inanipuliza usoni. Jasho likaanza. Si jasho la joto la hapa kwetu, hilo nalijua, nimezaliwa nalo. Hili lilikuwa la baridi, linatiririka kutoka kwenye kichwa hadi blauzi ikagandana na mgongo. Moyo wala haukwenda mbio, ndiyo maana sikudhani ni jambo kubwa. Mkasi ninao mkononi lakini sijui nilitaka kukata wapi. Mteja akanipa noti, nikaziangalia tu. Nilijua ni pesa, ila kuzihesabu ilikuwa imenipotea.

Shoga yangu akaniona kutoka kwake. Huyo mwanamke Mungu amuweke. Akaja na kimashine chake, akanifuta kidole, akanichoma: 2.8. Chini ya 4 tayari ni kushuka. Akamtuma mtoto soda, yenye sukari, si ile isiyo na sukari, akaninywesha kama nusu chupa polepole. Baada ya robo saa akanichoma tena, 4.6, ndipo akanipa muhogo wa kuchemsha nile ili isishuke upya. Mteja naye alibaki, akanipepea kwa kitenge ambacho bado hakijakatwa. Pesa yake nilimhesabia kesho yake.

Nikarudi kwa daktari wangu wa kliniki. Alipoona Septrin alinyamaza kwanza, kisha akaniuliza nani kanipa. Akanieleza kwamba Septrin huifanya glibenklamidi ikae mwilini kwa wingi na kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo sukari inaporomoka, na kwa watu wazima wenye figo zilizochoka hatari inaongezeka. Na atenololi nayo inazuia moyo kwenda mbio, kwa hiyo ile dalili ambayo wengine huitegemea mimi naikosa. Jasho ndilo atenololi haiwezi kulizuia. Akaniambia nikitoa jasho la ghafla nisisubiri kingine, nipime au ninywe kitu cha sukari. Akanipima figo, akanibadilishia dawa ya mkojo, glibenklamidi akaipunguza ikawa nusu kidonge. Hata hicho cha kukojosha nilimuuliza, akasema ni kweli kinaweza kupandisha sukari kidogo, ila dozi yangu ni ndogo na presha yangu inakihitaji. Nilielewa kila neno. Kumbe inawezekana kueleza!

Nikatoka pale nikiwa nimepoa. Nikasema moyoni, hospitali nzuri, nitawapa hata nyota nne. Nikaenda dirishani na kikapu changu, dawa zote ndani, za zamani na mpya, nikitaka kitu kimoja tu: aniandikie majina juu ya bahasha. Nikazipanga pale kwenye ubao wa dirisha.

"Bibi, usinimwagie bidhaa hapa. Hapa si sokoni."

Watu wakacheka. Nilikuwa nimevaa kitenge changu kizuri, nimetoka kwa daktari, nina umri wa kumzaa yeye na kaka yake, nikachekwa. Nikajikaza. Nikamwambia dawa uliyonipa ilitaka kuniua. Akasema, "Mimi natoa kilichoandikwa. Mwenye kuandika ni daktari." Nikamwuliza basi nijibu hili moja, Ramadhani ikifika hizi nazimezaje na nimefunga? Akavuta bahasha ya mtu wa nyuma yangu, akasema, "Hayo kamuulize shehe."

Nikaenda kweli kwa shehe wa mtaani kwetu. Shehe akaniambia mgonjwa ana ruhusa, jambo hilo liko wazi kwenye Qur'ani, lakini kama dawa hizi na njaa havipatani, hilo nimuulize daktari. Angalau huyu alijua mpaka wa kazi yake na alinikaribisha kahawa, isiyo na sukari. Daktari naye baadaye alisema kushinda na njaa mchana kutwa huku una glibenklamidi tumboni ni kujitafutia makubwa, tukae tupange kabla mwezi haujaandama. Kwa hiyo jibu lilikuwepo, tena fupi.

Labda namuonea yule kijana. Foleni ya pale siku ya kliniki ya sukari na presha inaweza kuzunguka jengo, na yeye yuko peke yake na kile kitundu. Mshahara wake siujui. Huenda naye ana mama mgonjwa nyumbani. Nimejiambia hivyo mara nyingi nikiwa nafunga duka.

Hapana, simuonei. Foleni haimzuii mtu kuandika neno moja kwenye bahasha ambayo tayari kalamu iko juu yake.

Na haki nisiidhulumu: siku ileile, wakati nakusanya dawa zangu huku machozi yananilenga, alitoka binti mmoja kwa mlango wa pembeni, mwanafunzi aliyekuja kwa mafunzo, koti limemzidi. Akanishika mkono, akaniketisha kwenye benchi, akachukua kalamu yake mwenyewe na kuandika kila bahasha jina, ni ya nini, na kama ni kabla au katikati ya chakula. Kwenye moja akachora jua, kwenye nyingine mwezi. Akaniuliza kama nameza kitu kingine cha nyumbani. Nikamwambia majirani wameniletea unga wa mlonge na juisi chungu za kila aina, maana ukipata sukari mtaa mzima unageuka daktari. Akasema baadhi ya hivyo huishusha sukari na mimi tayari nina cha kuishusha, kwa hiyo nimwambie daktari kabla ya kunywa. Dakika kumi, labda pungufu. Huyo nyota tano, na zote achukue aondoke nazo akimaliza mafunzo, asiiachie hospitali.

Ila hapo ndipo hasira inaporudi. Kwa nini kazi ifanywe na mwanafunzi kwenye benchi, kwa kuonea huruma bibi anayelia? Mwanafunzi ataondoka. Atakayebaki ni mwenye simu.

Mengine ya pale ni madogo. Karatasi ya vyakula waliyonipa imenishauri nile tufaha na brokoli. Mtwara! Nani anilimie brokoli? Ming'oko haimo, ugali wa muhogo haumo, korosho hazimo, kisamvu hakimo. Ilibidi daktari anichoree sahani nyuma ya karatasi hiyohiyo: nusu mboga, robo ugali, robo samaki au maharage. Na anayepima sukari awe anawaambia watu wanawe mikono. Nilipimwa nimetoka kumenya embe, ikasoma 16, nikagoma, nikanawa kwa sabuni, ikasoma 9 na kitu. Wangeniongezea dawa kwa ajili ya utomvu wa embe!

Kwa hiyo ushauri wangu? Kwa daktari wa kliniki nendeni. Kwa dirishani nendeni na mtu mwenye sauti. Nilitaka kuandika nyota mbili, nimefuta.

Kliniki yangu ijayo imekaribia. Mjukuu wangu ameniandikia dawa zote kwa herufi kubwa, nakala mbili, moja ya daktari na moja ya dirishani. Gundi nimeshanunua. Ya dirishani naibandika kwenye kioo, upande wangu, aisome kila akiinua macho kutoka kwenye simu.