Uzoefu wangu na Postmark: barua za tovuti yetu ya Moshi kuvuka ulinzi wa makampuni makubwa

Nimetumia Postmark, huduma ya kulipia ya kutuma barua pepe, kwa zaidi ya mwaka kutuma barua pepe za tovuti ya kampuni ninayofanyia kazi hapa Moshi. Tunapandisha wageni Kilimanjaro, na msimu wa Juni hadi Oktoba wateja wetu wengi ni vikundi vya wafanyakazi wa makampuni ya nje, mabenki na mawakili wanaopanda kuchangisha fedha za hisani. Barua inayokwenda kwao hupita kwanza kwenye vichujio vya usalama kama Mimecast, Proofpoint au Microsoft Defender kabla mtu hajaiona.

Zamani hali ilikuwa hivi. Mtu anajaza fomu akiwa London, tovuti inamshukuru, halafu hapati kitu. Kwetu hakuna kosa lolote linaloonekana. Mgeni anaamini tumempuuza na anakwenda kwingine, na kikundi kizima cha njia ya Machame kinaondoka hivyo. Kilichoniuma zaidi ni wapagazi. Barua isiyofika ni siku za kazi alizokosa kijana wa Uru au Kibosho, na wala hatajua kwa nini.

WordPress, mfumo unaoendesha tovuti yetu, usipoelekezwa vingine hutuma barua kupitia seva ileile ya tovuti. Ukiwa kwenye seva ya bei nafuu, mnatumia anwani moja ya IP na tovuti nyingine nyingi, na mmoja akituma takataka, mnaweza kuingia wote kwenye orodha nyeusi ya watumaji takataka kama ile ya Spamhaus. Barua zetu pia hazikuwa na saini ya DKIM, alama ya kidijitali inayothibitisha kwamba barua imetoka kwenye domeni husika. Kila tulipolalamika, waliokuwa wakituhifadhia tovuti walijibu kwamba barua imeshatoka. Imetoka kweli, lakini imeishia wapi?

Postmark hawakuruhusu kutuma hovyo siku ya kwanza. Wanakagua akaunti kwanza: unatuma nini, kwa nani, anwani hizo umezipataje. Nimesikia watu wa Arusha wakiuita usumbufu. Mimi naona ndiyo thamani yenyewe ya huduma hii, kwa sababu IP zao zinabaki na sifa njema kwa kuwa hawampokei kila anayebisha hodi. Baada ya hapo unaongeza rekodi mbili kwenye DNS (mipangilio ya jina la tovuti) ya domeni yako. Moja ni ya DKIM, inayotia saini kila barua. Nyingine ni ya Return-Path, inayofanya anwani ya kurudishia barua zilizokataliwa iwe ya domeni yako. Kwa hizo mbili, ukaguzi wa DMARC (ambao mwenye domeni hutangaza barua isiyothibitishwa inayotumia jina lake iachwe, izuiliwe karantini au ikataliwe) unaona kwamba jina lililoandikwa mbele ndilo kweli lililotuma. Domeni yetu ya .co.tz haikuleta shida yoyote.

Hapo ndipo jambo kubwa zaidi lilipojitokeza. Fomu yetu ilikuwa imetengenezwa ipeleke maombi ofisini kwa jina la mgeni mwenyewe: sehemu ya mtumaji inaandikwa anwani yake ya benki, huku barua ikitoka kwenye seva yetu. Huo ni ughushi machoni pa kichujio chochote, na benki iliyotangaza DMARC ya kukataa inataka barua ya namna hiyo itupwe. Postmark hawatumi kabisa kwa domeni ambayo hujathibitisha kuwa ni yako, kwa hiyo fomu ikabidi ibadilishwe: mtumaji ni sisi, na anwani ya mgeni inakaa kwenye Reply-To, sehemu ya anwani ya kujibiwa. Mabadiliko hayo peke yake yalirudisha maombi ambayo hatukuwa tukiyaona.

Ninachokipenda kuliko vyote ni kumbukumbu. Kila barua inahifadhiwa kwa siku 45 pamoja na jibu la seva iliyoipokea. Mteja mmoja wa kampuni kubwa alisema hajapata profoma (ankara ya awali). Nikafungua, nikakuta seva yao imeipokea. Kupokelewa si kufika, maana baada ya hapo barua inaweza kuwekwa karantini. Nikamwandikia kwa WhatsApp: “Tafadhali mpe mtu wenu wa TEHAMA saa hii na namba hii ya ujumbe.” Wakaikuta karantini. Sababu ilikuwa kiungo cha malipo: maandishi yalionyesha anwani yetu, lakini ufuatiliaji wa mibofyo ulikuwa umekigeuza kiende anwani nyingine kwanza, na hiyo ndiyo dalili ileile ya wizi wa mtandaoni. Nimeuzima. Kujua nani alibofya hakunisaidii kama barua haifiki.

Kuna jambo ambalo Postmark haiwezi kukutatulia. Vichujio vya makampuni hufungua viungo vyenyewe kuvikagua kabla mtu hajasoma. Kiungo cha kuthibitisha nafasi kinachofanya kazi mara moja tu kinaweza kutumiwa na roboti, na mgeni akifika anaambiwa kimeisha muda. Kwetu kiungo sasa kinafungua ukurasa, na uthibitisho unafanyika mtu akibonyeza kitufe humo ndani. Vipeperushi vya picha nzito navyo tumeviacha kwenye tovuti, kwani barua nzima pamoja na viambatisho haizidi MB 10.

Bei ni dola 15 kwa mwezi kwa barua 10,000, na kuna mpango wa bure wa barua 100 kwa mwezi, unaotosha kujaribu. Amazon SES, huduma kama hiyo ya Amazon, ni ya bei nafuu zaidi, senti 10 za dola kwa barua 1,000, lakini kazi ya kuipanga unaifanya mwenyewe. Kampuni ndogo isiyo na fundi wa kudumu ningeielekeza Postmark. Anayetaka kutuma matangazo kwa orodha aliyoinunua asihangaike kuomba, watamkatalia.

Google na Yahoo walianza Februari 2024 kudai SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la domeni), DKIM na DMARC kwa wanaotuma barua nyingi, ambao Google inawahesabu kuanzia 5,000 kwa siku, na Microsoft wakafuata 2025 kwa Outlook.com. Hatufiki idadi hiyo, lakini makampuni tunayoyaandikia ni makali kuliko hapo. DMARC yetu bado iko hatua ya karantini. Programu ya ankara ya mhasibu haijaanza kutia saini ya domeni yetu, na mpaka ifanye hivyo sitaipeleka kwenye kukataa.