PHP 8.4 kwenye depo ya Kadutu: salio la kutazama, siyo la kugusa

Mama mwenye depo ya vinywaji pale Kadutu, Bukavu, hajui PHP (lugha niliyoandikia programu yake ya hesabu) ni mdudu gani, lakini ndiye aliyenihamisha kwenda toleo la 8.4. Jioni moja alinipigia simu: "Papa, ordinatere yako inasema iko kasha 42. Miye nimehesabu mara mbili, ni 37."

Hakuna aliyeiba. Kijana ninayemfundisha kazi alikuwa ametengeneza ukurasa wa kurudisha chupa tupu, na humo akabandika namba mpya juu ya salio (idadi ya kasha zilizopo) moja kwa moja, bila kupitia kuuza wala kupokea. Ningemlaumu vipi? Salio mwenyewe nililiacha public, yaani wazi kwa msimbo wowote kulibadilisha.

Dawa ya zamani naijua: unalifunga kwa private, lisiguswe wala kusomwa kutoka nje, halafu unaandika kitendakazi getSalio kwa wanaotaka kusoma tu. Klasi yangu moja (fungu la msimbo lenye data na vitendakazi vyake) ilikuwa na get za namna hiyo 19, zote hazifanyi lolote. Nayo readonly, iliyokuja na 8.1 mwaka 2021, hapa haifai. Thamani ikishawekwa ndiyo basi, hata klasi yenyewe haiigusi tena. Kwa namba ya faktira ni safi. Kasha za bia zinapanda na kushuka mchana kutwa.

Katika 8.4, ya Novemba 2024, naandika hivi: `public private(set) int $salio`. Kila mtu anasoma, klasi peke yake inaandika. (Hiyo int, yaani namba kamili, usiisahau, bila aina ya thamani inagoma.) Nilibadilisha mstari huo mmoja, nikafungua ukurasa wa kijana, ukaanguka hapo hapo, na kosa likataja klasi na sifa (data ya klasi, kama salio) kwa jina. Wiki tatu nilikuwa natafuta hicho.

Halafu kuna hooks, mimi naziita ndoano: msimbo unaoendeshwa wenyewe sifa inaposomwa au kuandikwa. Mama ananunua kwa dola, anauza kwa franka. Nilikuwa nahifadhi bei zote mbili, na kila wabadilisha pesa wa Nyawera wakipandisha kiwango, moja inakuwa ya uongo. Sasa `$beiDola` haikai popote: ina ndoano ya get tu, inagawanya franka kwa kiwango cha siku kila inapoulizwa. Ukijaribu kuiandikia, PHP inakataa.

Lawama ninazo. Sifa ikibeba kitu kingine, tuseme mteja, mtu wa nje hawezi kumweka mteja mwingine mahali pake, lakini deni la huyo huyo anaweza kulichezea kama nalo hukulifunga. Na ndoano zinadanganya macho. Niliweka moja inayouliza hifadhidata, nikaitumia kwenye orodha ya wateja 200, ukurasa ukatambaa kama lori kwenye tope. Anayesoma msimbo anaona sifa ya kawaida tu, hajui nyuma yake kuna safari. Kazi nzito naiacha iwe kitendakazi, iitwe kwa mabano yake.

PHP 8.4 naipa nyota nne. Ya tano imezuiliwa na mwenye seva ninayemlipa kila mwezi: bado yuko 8.1, kila nikimuuliza anasema wiki ijayo. Kwa hiyo programu inaishi kwenye laptopu ya depo, na umeme ukikatika zaidi ya saa mbili, Mama anarudi kwenye daftari lake.